Heko, Oberhausen

Tamasha la Filamu Fupi la Oberhausen linastahili pongezi. Tangu mwaka 1954, mji huu uliokuwa wa makaa ya mawe na chuma, magharibi mwa Ujerumani, umezipa filamu za dakika chache heshima ambayo kumbi za biashara huzinyima. Ni hapo, Februari 1962, watengenezaji filamu 26 walipotoa ilani kwamba sinema ya zamani imekufa. Lakini mimi nalipenda zaidi kwa tuzo ya MuVi, iliyoanzishwa 1999 kwa video za muziki za Ujerumani. Anayetuzwa ni mwongozaji, si mwimbaji, na ndivyo inavyopasa! Video tuliyoichukulia kuwa pambo la wimbo, ikiwekwa kwenye skrini kubwa, huonyesha ubunifu wa aliyeiongoza.