Milimita Tano za Mlango wa Cobra

Gari lililoundwa nyumbani hujulikana kwa mianya yake. Rangi inaweza kung'aa kuliko ya kiwandani, lakini mwanya wa mlango ukiwa milimita tatu juu na nane chini, kila apitaye huona kuna kitu hakijakaa sawa, hata asipoweza kukitaja.

Mfano mzuri ni Roadster ya Factory Five Racing, kampuni ya Wareham, Massachusetts, ambayo ndugu wawili, Mark na Dave Smith, waliianzisha mwaka 1995. Mteja huletewa chesisi, bodi na vifaa, kisha anajifungia mwenyewe injini, breki na nyaya hadi apate gari lenye umbo la Cobra ya miaka ya 1960. Cobra za asili, ambazo Carroll Shelby alianza kuzitoa mwaka 1962, zilikuwa na bodi ya alumini iliyofinyangwa kwa mkono. Bodi ya Roadster ni ya fibaglasi: kipande kimoja kikubwa, na milango, boneti na buti vikiwa vipande vya pekee.

Hapo ndipo fundi aliyezoea chuma hukwama. Bati lililobonyea hugongwa likarudi, fibaglasi haigongwi. Ukingo uliozidi husagwa, uliopungua huongezewa.

Ila kabla ya kusaga chochote, gari lishushwe kwenye magurudumu yake likiwa na uzito wote wa injini, maana chesisi iliyoinuliwa kwa jeki haikai kama iliyosimama chini. Mipira ya milango nayo ifungwe mapema. Wengi huiacha hadi mwisho, na ni kosa la gharama: mpira husukuma mlango nje, na kazi yote ya kusawazisha inapotea. Baada ya hapo bawaba na kitasa hurekebishwa mpaka uso wa mlango ulingane na ubavu. Mwanya wenyewe huja mwisho. Wajenzi wengi hulenga kama milimita tano, wakikumbuka kwamba praima na rangi zitaongeza unene kila upande.

Ukingo uliopungua hujengwa mlango ukiwa umefungwa. Upande wa pili hubandikwa utepe ili puti isigande pale, puti yenye nyuzi za kioo hujazwa, na ikikauka mwanya huchongwa upya kwa kibao chembamba chenye msasa.

Kuna jambo jingine ambalo haraka hulificha. Kalibu ya bodi huwa ya vipande, na vinapokutana huacha mstari ulioinuka. Kuusugua juu juu hakutoshi, kwa sababu chini yake mara nyingi kuna rezini tupu isiyo na nyuzi, pengine na mapovu. Mstari usagwe hadi nyuzi zionekane, ujazwe puti yenye nyuzi, ndipo ifuate puti laini. Kisha bodi ipigwe jua. Rezini ya poliesta huendelea kukomaa na kusinyaa kwa muda, na joto huiharakisha. Gari jeusi lililopakwa mapema likianikwa juani, mistari iliyozikwa hujitokeza tena chini ya rangi.

Usawazishaji hufanywa kwa kibao kirefu, si kwa kiganja, kwa sababu kiganja hufuata mabonde badala ya kuyaondoa. Juu ya praima nzito hupuliziwa vumbi jepesi la rangi nyeusi, halafu msasa hupitishwa kwa mshazari, huku na huku. Weusi ukibaki mahali, pale ni bondeni. Huanzwa na msasa namba 80, hufuata 180, kisha 320, na hakuna namba ya kurukwa.

Baada ya hapo paneli hufunguliwa ili kingo na pande za ndani zifikiwe na rangi. Rangi yenye chembe za metali inadai uangalifu zaidi: milango, boneti na bodi vipuliziwe pamoja, kutoka mchanganyiko mmoja, kila kipande kikiwa kimeelekea kama kitakavyokaa kwenye gari. Chembe zikilala tofauti, mlango na ubavu huonekana kama vimepakwa rangi mbili.