Kwa Wanaopima Bawa la Nyuki

Asali ya Singida husifiwa kwa ladha, mrina asali kwa ujasiri. Anayesahaulika ni yule aliyeinamia hadubini, akipima mishipa ya bawa lisilofika hata sentimita moja.

Kipimo hicho ndicho kinachotaja ukoo. Mwaka 1961 F. G. Smith, aliyefanya kazi ya nyuki Tanganyika, aliainisha nyuki wa pwani, litorea, na wa milimani, monticola. Singida, kwenye nyika kavu na vichaka vizito vya Itigi, mwenyeji ni scutellata: mdogo, mkali, mwepesi wa kuhama. Maua yakiisha, kundi zima hufunga safari. Mfugaji wa Manyoni akiukuta mzinga mtupu aweza kudhani karogwa. Mtafiti wa tabia za nyuki atamuuliza kwanza habari za ukame, sisimizi, na moshi wa siku ile ya kurina.

Kisha kuna utitiri wa varoa, mdudu mdogo kama chembe ya ulezi, anayenyonya nyuki na majana yake. Ulaya na Marekani ameangamiza makundi mengi. Kenya ulithibitishwa mwaka 2009, lakini nyuki wetu hawakuteketea vile. Husafishana miili na kuyatupa nje majana yaliyoshambuliwa. (Nami niliyewahi kukimbizwa nao naungama: ni wasafi kuliko wengi wetu.)

Hayo hayaonekani kwa kupita njia. Mtu hukaa kando ya mzinga, amefunikwa wavu, jua la Singida likimchoma, akihesabu nani katoka na nani karudi na chavua ya alizeti miguuni.