Mzigo Usiotulika: Maji ya Kinjeketile na Wachukuzi Wake

Katika semina moja muhula uliopita, mwenzetu mmoja alisimama akasema kuwa hakuna haja ya kupoteza muda kujadili maji katika tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), maana sote tunajua maji hayazuii risasi. Darasa zima likacheka. Nami nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani Kileo kwa likizo, kicheko kile kikaanza kuniwasha. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwangu mwenyewe pia.

Hoja yangu ni fupi. Mhakiki anayekutana na kifaa cha ajabu katika kazi ya sanaa asikimbilie kuuliza kama kifaa hicho kina nguvu kweli. Aulize kwanza kinamfanya nini yule anayekichukua, halafu aulize swali gumu zaidi: je, siku akitaka kukitua, ataweza?

Tuanze na mfano wa nje, kwa kuwa wengi tumeusoma au tumeuona kwenye filamu. Katika The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien (1954–1955), pete ni moja lakini kila mchukuzi ana yake. Gollum anamuua ndugu yake ili aipate, na kuanzia hapo hana maisha mengine. Bilbo anaiacha, ila kwa kusukumwa na Gandalf. Sam anaibeba kwa muda mfupi, kisha anairudisha kwa mwenyewe. Frodo, ambaye amevuka nchi nzima ili aiangamize, anafika kwenye moto na pale pale anasema ni yake. Pete inaangamia kwa sababu Gollum anainyakua na kutumbukia nayo. Kwa maneno mengine, Tolkien anatuambia kuwa hata mtu mwema hushindwa kutua mzigo wa aina hii kwa hiari.

Fasihi yetu inalijua jambo hili tangu zamani. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, ambayo Muhamadi Kijumwa aliyatungia utenzi mwaka 1913, silaha ya shaba ndiyo pekee inayoweza kumuua shujaa, ikichomwa kitovuni. Kwa Liyongo shaba ile ni siri. Kwa mwanawe, aliyeahidiwa makuu, ni biashara. Shaba ni ileile, mikono ndiyo imebadilika.

Sasa turudi kwa Hussein. Kwa umati, maji ni ujasiri. Watu waliokuwa wakilimishwa pamba na kuchapwa viboko, kila kabila kivyake, wanapata kitu kimoja cha kushika pamoja. Mara wanaanza kudai vita, na hawataki tena kusikia neno “subirini”. Maji yamewaondolea woga, lakini yamewaondolea na uvumilivu.

Kwa Kitunda, maji ni umoja. Huyu ni mtu wa mazoezi na mipango ya vita. Naona yeye ndiye anayeyachukua maji kwa akili baridi kuliko wote: anajua thamani yake iko katika kuwakusanya watu. Ndiyo maana mwishoni, wakiwa wamekwisha kamatwa, yeye anaweza kufikiria kuyakana. Kwake maji yalikuwa chombo, na chombo kikivunjika mtu hukiweka chini.

Kwa Kinjeketile mwenyewe, jamani, hapo ndipo penye kazi. Yeye ndiye aliyezama mtoni na kutoka na ujumbe wa Hongo. Lakini anapotambua kuwa ndani ya ujumbe ule mna habari ya kuwa chini ya Sultani wa Unguja baada ya kumshinda Mjerumani, anashtuka. Anaanza kuyatilia shaka maji yake. Amechelewa. Neno limekwisha mtoka na limekuwa kubwa kuliko yeye. Mtoaji ndiye anakuwa wa kwanza kufungwa na alichokitoa.

Hapa ndipo Kinjeketile na Frodo wanapokutana, na ndipo wanapoachana. Wote wawili hawatui mzigo. Frodo hautui kwa sababu pete imemshinda, anaitaka iwe yake. Kinjeketile, gerezani, haamini tena maji kama zamani, lakini anakataa kutamka kuwa yalikuwa uongo. Anajua Mjerumani atalichukua neno hilo na kuwaambia watoto wa kesho kuwa baba zao walikosea kupigana. Anabeba kitu asichokiamini kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa. Mimi sijaona mchukuzi wa pete aliyebebeshwa hivyo.

Nilimsimulia bibi yangu mchezo huu jioni moja, tukichambua maharage. Kwetu Upareni wataalamu wa mvua walikuwa na heshima kubwa zamani, na pia walikuwa na hofu yao. Bibi hakucheka. Aliniuliza, “Mvua isiponyesha, mjukuu wangu, unadhani nani hakulala usiku, aliyeiomba au aliyeahidi?” Nikakosa la kusema. Kwa swali hilo moja alikuwa amelihakiki onyesho la gerezani kuliko semina yetu nzima.

Hata hivyo, simsifu Hussein kwa kila kitu. Vita vya Maji Maji vya 1905–1907 viliua watu wengi mno, kwa risasi na zaidi kwa njaa. Makadirio huanzia 75,000 na kufika hata 300,000. Hao ndio waliobeba maji hadi mwisho. Katika tamthilia wengi wao ni sauti za kundi tu, hawana majina wala muda wa kushuku. Uamuzi wa Kinjeketile ni mzuri kwa watoto wa kesho, sawa, lakini aliyekufa jana akiamini risasi itageuka maji hapewi nafasi ya kuuliza: mbona ulinyamaza ulipoanza kushuku? Swali hilo tamthilia inaligusa, halafu inapita. Naona huo ni upungufu wa kimaudhui.

Kwa hiyo namjibu mwenzangu wa semina hivi: ni kweli, maji hayazuii risasi, na Kinjeketile alikwisha kulishuku hilo kabla yetu. Lililomshinda ni kupata mahali pa kuyamwaga bila kuwalowesha wajukuu aibu. Kama yeye anapaona mahali hapo, aandike. Nitasoma.