Vidole vya Mwenda wa Bayeke

Huku Kakontwe, jina la Mwenda Jean-Bosco, yule tunayemuita Mwenda wa Bayeke, likitajwa tu, mabishano yanaanza palepale. Vijana wanaleta ile Masanga ya mwaka 1952, ambayo Hugh Tracey aliichukua hapahapa mjini, wakati Likasi ilikuwa ingali Jadotville na Mwenda alikuwa na miaka 22. Halafu wanaweka nyimbo alizopiga Afrika Kusini mwaka 1988, na wanasema: « Munasikia? Muzee alikuwa amekwisha. »

Neno hilo « amekwisha » ndilo tunataka kuliangalia, maana siye wenyewe tumepita miaka 50. Linatufuata kila siku: katika kupanda kilima, katika kutafuta miwani, katika magoti yanayolia asubuhi.

Tusidanganyane. Mkono wa mwaka 1952 haukurudi tena. Katika Masanga ile ya kwanza, kidole gumba na kidole cha kuonyesha vinafanya kazi ya watu wawili: kimoja kinatembea chini polepole, kingine kinakimbia juu, na hakuna anayemukanyaga mwenzake. Mtu akiisikia mara ya kwanza anauliza magitare ni mangapi. Bale wanaosema kwamba muzee alipiga vilevile kama zamani, wanasema kwa mapenzi tu, ao kwa sababu ni mutoto wa kwetu, aliyezaliwa Bunkeya. Kwetu siye, hiyo si heshima. Kumwambia mutu wa miaka 58 kwamba hakubadilika ni kumunyima miaka 36 aliyoishi.

Lakini keti, usikilize disiki hiyo ya 1988 bila kutafuta kijana ndani yake. Sauti imeteremka, imepata uzito. Yule wa 1952 anaimba kama mutu mwenye haraka ya kufika. Huyu anaimba kama baba anayeeleza habari nyumbani, akijua watoto watangoja. Kuna mahali tungependa mbio kidogo, hatufichi. Kuna pengine anaacha nafasi, na katika nafasi ile tunasikia maneno ambayo zamani gitare lilikuwa linayafunika.

Katika ndoa zetu mama mutu mzima anaingia katikati, anatikisa mabega mara mbili tatu, basi, na vigelegele vinapanda kuliko vya wasichana. Hakuna anayesema amekwisha. Kwa nini basi mupiga gitare tunamuhukumu namna nyingine? Tunaona kosa ni la disiki. Zamani vidole vya muzee vilipimwa na kumbukumbu tu, na kumbukumbu ina huruma. Disiki ilimushika kijana wa miaka 22, ikakataa azeeke, na sasa inamuweka kando ya muzee kila tukibonyeza. Ni kama ile picha yetu ya harusi ukutani, ambayo wageni wanaitazama, kisha wanatugeukia.

Mwenda mwenyewe hakulificha gitare. Alikuwa amelipiga Newport, Marekani, mwaka 1969. Mwaka 1982, akiwa na miaka 52, alilipeleka Ujerumani. Alikufa mwaka 1990 katika ajali ya barabara huko Zambia.

Kwa hiyo tunawaomba vijana wa mtaa: siku mukituletea tena disiki hizo mbili, anzeni na ya 1988. Na muongeze sauti kidogo, masikio yetu nayo yana umri wake.