Mkono Uliochafua Nyota

Tarehe 25 Mei 1977, Star Wars ilipoanza kuonyeshwa Marekani, watu waliona chombo kimoja kikikimbia angani na kingine kikikifukuza. Kile cha nyuma kilitokea juu ya vichwa vyao, kikapita, kikaendelea kupita, na kila walipodhani mkia umefika, tumbo lilikuwa bado linakuja. Hakuna mhusika aliyekuwa ametamka neno, na ukumbi mzima ulikwishajua nani mbabe na nani mnyonge. Chombo hicho cha kutisha, kilichoonekana kirefu kuliko mji, kilikuwa na urefu wa sentimita 91. Mtoto angeweza kukikumbatia. Kile kidogo kilichokuwa kikikimbia ndicho kilichokuwa kikubwa karakanani, karibu mita 2, maana awali kilikusudiwa kiwe Millennium Falcon. Umbo lake likaonekana kufanana mno na chombo cha tamthilia moja ya televisheni, kikapangiwa kazi nyingine. Mkubwa akafanywa mdogo, mdogo akafanywa mkubwa, na jicho likakubali. Ufundi wa namna hiyo ndio ninaotaka kuusifu, ungali na watu wanaoukumbuka.

Kwa takriban miaka 50 sasa mashabiki wa Star Wars wanapenda huku wakinung'unika. Ukimkuta asiyelalamika, huyo kaanza jana. Watakuambia Jar Jar Binks aliiharibu The Phantom Menace ya 1999. Watakuambia ile Nguvu iliyokuwa fumbo iligeuzwa hesabu ya vijidudu katika damu. Watakuambia The Last Jedi ya 2017 ilimtoa Luke Skywalker akiwa mzee aliyekata tamaa, na kwamba miaka 2 baadaye The Rise of Skywalker ilimfufua mfalme mwovu Palpatine, ambaye tulimwona akitupwa shimoni 1983, bila maelezo ya kumtosheleza hata mtoto. Hoja hizi zina uzito, sizibezi. Ila ukizisikiliza kwa muda unasikia chini yake lalamiko moja tu: hapa mtu hakuhangaika. Na mapenzi yao nayo ukiyachunguza yana mzizi huohuo. Wanachokipenda ni dalili kwamba mahali fulani, fundi fulani alikesha kwa ajili ya kitu kitakachoonekana kwa sekunde 3.

Mafundi hao walianzia Van Nuys, California, katika ghala la kawaida. George Lucas, mwongozaji wa filamu ile ya kwanza, alianzisha karakana yake, Industrial Light & Magic, mwaka 1975, kwa kuwa studio iliyogharimia filamu haikuwa tena na idara ya kazi hiyo. Msimamizi alikuwa John Dykstra, na chini yake vijana kama Grant McCune, Lorne Peterson, Steve Gawley na Joe Johnston, wengi wao wakiwa wageni katika filamu kubwa. Walinunua maboksi kwa maboksi ya vile vifaru, ndege za kivita na manowari za plastiki ambazo watoto huunganisha nyumbani. Wakachukua gurudumu la kifaru hapa, bomba la meli pale, kifuniko cha injini kwingine, wakavibandika kwa gundi kwenye mbavu za vyombo vyao. Vipande vile havikuwa na kazi yoyote ya kiufundi. Kazi yake ilikuwa kulipa jicho mahali pa kutua, ili mtazamaji aseme moyoni kwamba aliyeunda chombo hiki alijua kila bomba linapeleka nini.

Kisha wakavichafua.

Hapa naomba tukae kidogo. Ulikuwepo mtindo wa kuonyesha mambo ya angani yakiwa meupe na safi, yaking'aa kama yametoka dukani asubuhi ile. Lucas alitaka dunia iliyotumika. Basi mafundi walipaka kijivu, halafu wakaanza kukiharibu kijivu chao: doa la moshi nyuma ya mtambo, mchirizi wa mafuta unaofuata upepo ambao angani haupo, bati jekundu lililofifia katikati ya mabati mengine kana kwamba mwenye chombo aliishiwa fedha akaziba kwa alichokipata. Millennium Falcon ni kama jahazi lililorudi bandarini baada ya misimu mingi. Huna haja ya kumuuliza nahodha kama limesafiri. Han Solo anapojisifia mbio za chombo chake, hatumwamini kwa maneno. Tunayaamini yale madoa.

Na ubunifu haukuishia kwenye rangi. Luke na mjomba wake wanaponunua roboti, wananunua za mitumba, kutoka kwa wachuuzi waliozibeba jangwani. Nyumba yao ilipigwa picha Matmata, kusini mwa Tunisia, katika makao ambayo Waberberi waliyachimba ardhini kukwepa joto, zamani kabla ya sinema. Kule Uingereza, mpambaji Roger Christian alikuwa na bajeti nyembamba, akaenda kununua mabaki ya ndege zilizokuwa zimekatwakatwa kuwa chuma chakavu, akayajaza kwenye kuta za ndani za Falcon. Upanga wa mwanga, kitu ambacho watoto wa dunia nzima wamekiigiza kwa vijiti, ulianza na mpini wa taa ya kamera ya zamani aina ya Graflex alioukuta katika duka la vifaa vya picha London. Akaubandika vipande vya mpira, ukawa silaha ya kishujaa.

Masikio nayo yalitendewa haki. Ben Burtt, mtunzi wa sauti, alizunguka na kinasa sauti chake akizikusanya sauti za dunia hii ili azipeleke angani. Alichanganya mngurumo wa mtambo wa projekta na mvumo wa televisheni, akapata sauti ya upanga. Aligonga kwa nyundo waya unaoshikilia mnara wa redio, akapata mlio wa bunduki. Vijindege vya adui vinavyopita vikilia kwa namna ya kusisimua nywele ni mlio wa tembo uliochanganywa na gari linalopita juu ya lami iliyolowa. Pumzi ya Darth Vader ni kifaa cha mpiga mbizi. Hakuna hata kimoja hapo kilichotoka mbinguni.

Kuhusu lugha za viumbe wake, Burtt hakupenda kelele za kubuni peke yake, kwa sababu mtu anayesema lugha yake ana pumzi, mkato na mzaha ambavyo huwezi kuvitunga mezani. Ndiyo maana katika Return of the Jedi ya 1983, Lando Calrissian anapoiongoza Falcon vitani, pembeni yake ameketi rubani msaidizi mwenye mashavu yanayoning'inia na macho makubwa meusi, Nien Nunb. Mwili ni kikaragosi kilichochezeshwa na Mike Quinn. Sauti ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani, naye anamjibu Lando kwa Kikuyu. Kwa mtazamaji wa Ohio, hayo ni maneno ya sayari ya mbali. Kwa mtazamaji wa Nyeri, huyo ni jirani.

Yupo atakayesema kwamba hapo lugha ya watu imefanywa mlio wa kiumbe cha ajabu, na sitabishana naye sana, maana ana hoja. Lakini msikilize Rotich tena. Habweki. Anazungumza kama mtu anayejua gari lake, anayetoa taarifa kwa dereva mwenzake na kutania kidogo katikati ya hatari. Lando anamwelewa, anamjibu, na ule urafiki wa watu wawili ndani ya chombo unaaminika hata kwa asiyejua neno moja. Wangeweza kuweka mikoromo, na wengi wasingejua tofauti. Mwaka 2015, The Force Awakens ilipotengenezwa, Rotich aliitwa tena kumpa Nien Nunb sauti. Mtu alikumbuka kwamba sauti ile ina mwenyewe.

Kwa Yoda, mwalimu mzee wa Luke, pia mtu alihangaika. Stuart Freeborn alimfinyanga akitazama uso wake mwenyewe, akaongeza makunyanzi ya Albert Einstein ili mzee yule aonekane na akili. Sakafu ya kinamasi ilijengwa kwa kuinuliwa ili Frank Oz na wenzake wakae chini yake, mikono juu, wakimwendesha. Mark Hamill alivaa kijisikizio sikioni ili amsikie mwenzake aliyefichwa miguuni pake. Katika The Empire Strikes Back ya 1980, yule mwalimu aliyetengenezwa kwa mpira anashusha masikio mwanafunzi wake anapomwangusha, nasi tunaona aibu kwa niaba ya mwanafunzi.

Ni rahisi kutoka hapa kwenda kuilaani kompyuta, na mashabiki wengi wamefanya hivyo. Lakini haki ya mafundi itanitaka niseme jambo moja. The Phantom Menace, ile filamu inayotukanwa kwa kuwa ya kompyuta tupu, ilijaa kazi ya mkono. Umati unaoshangilia mashindano ya mbio kwa mbali ni vijiti vya pamba vya kusafishia masikio, vilivyopakwa rangi na kuchomekwa kwa maelfu. Maporomoko ya maji ya mji wa Theed ni chumvi iliyomiminwa. Mashabiki waliitazama chumvi ile wakasema kompyuta imeua sinema. Basi tatizo halikuwa chombo cha kufanyia kazi. Fundi alipewa nafasi ya kuweka kila kitu alichoweza, na aliyekuwa juu yake hakumwambia inatosha. Mwaka 1977 ufinyu wa bajeti ulikuwa ukisema inatosha kila siku, na kila uliposema, fundi alilazimika kuchagua.

Kujua pa kuacha ni sehemu ya ufundi, na hilo Lucas mwenyewe alilisahau. Mwaka 1997 alizirudisha filamu zake 3 za mwanzo kumbini zikiwa zimeongezwa wanyama, majengo na vumbi la kompyuta. Greedo, ambaye kwa miaka 20 alikuwa ameuawa na Han Solo bila kufyatua hata risasi moja, sasa akafyatua wa kwanza, ili Han aonekane muungwana. Wapo wanaowacheka mashabiki kwa kukasirikia risasi moja. Mimi siwacheki. Zile zilikuwa kazi za mafundi wengi, zilizokwishakabidhiwa watu, na Marekani yenyewe iliiweka filamu ile ya kwanza katika orodha yake ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa mwaka 1989. Kisha nakala ya asili ikafichwa, ikawa adimu kiasi kwamba taasisi ya filamu ya BFI ilipoionyesha London mwezi Juni 2025, lilikuwa tukio la kuandikwa magazetini.

Tulipotoka kwenye kurekebisha vitu, tukahamia kwa watu. Mwigizaji Peter Cushing alifariki 1994. Mwaka 2016 uso wake ulichezeshwa na kompyuta katika Rogue One. James Earl Jones, aliyempa Darth Vader sauti, kwa ridhaa yake aliacha mashine iige sauti ya ujana wake kwa ajili ya Obi-Wan Kenobi ya 2022. Kazi zote mbili ni za hali ya juu, ila yale macho ya Cushing hayana mtu ndani yake.

Wala mashabiki hawana mikono safi. Ahmed Best, aliyevaa viungo vya Jar Jar na kumpa mwendo wake, aliwahi kusema hadharani kwamba kejeli za watu zilimfikisha kwenye ukingo wa kujiua. Kelly Marie Tran, mwigizaji wa The Last Jedi, alitukanwa hadi akafuta picha zake mtandaoni 2018. Watu wanaodai kupenda kazi iliyofanywa kwa uangalifu walishindwa kuwa waangalifu na walioifanya.

Sisemi mambo yote yamekwisha. John Goodson na wenzake walijenga kwa mkono chombo cha The Mandalorian, kikapigwa picha kwa mtindo wa kina Dykstra. Mji wa Ferrix katika Andor ulijengwa kweli, watu wakatembea ndani yake, na mashabiki wagumu kuridhika waliusifu. Lakini hizo ni karamu za mara moja moja. Idara ya vielelezo ya karakana ile ya kale iliuzwa 2006 ikawa kampuni ya peke yake, Kerner Optical, na mwaka 2011 ikafilisika. Wahenga walisema achanikaye kwenye mpini hafi njaa, hawakuijua Hollywood.

Miaka 11 baadaye akafariki Greg Jein, naye fundi wa vielelezo, mkusanyaji wa kazi za wenzake. Katika gereji yake kulikutwa boksi la kadibodi, na ndani yake kijindege cha vita cha filamu ya 1977, kile cha mabawa manne, na madoa yake yaleyale. Oktoba 2023 kilipigwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 3. Yaani thamani ya gundi, rangi na doa la moshi tunaijua vizuri sana, kiasi cha kushindana kwa mamilioni. Tunachosubiri ni mkono uliolipaka ufe kwanza.