Nyambui Tuliyemsimulia Vibaya

Huku kwetu Buswahili, mtoto akionekana ana mbio, wakubwa humwambia, "Wewe ni Nyambui." Husemwa kwa nia njema. Nami nimeyasema maneno hayo kwa miaka mingi nilipokuwa mwalimu wa michezo katika shule ya msingi. Leo nataka kuyahakiki, maana nimekuja kuona kwamba tulikuwa tukimsifu mtu huku tukimsimulia vibaya.

Suleiman Nyambui alizaliwa mwaka 1953 Majita, kwenye mwambao wa ziwa, ukishaipita Musoma. Ni jirani, ndiyo maana sifa zake tunazichukua kama za ukoo. Simulizi yetu ni fupi: kijana maskini wa kijijini, alikimbia pekupeku, akafika Moscow akarudi na nishani ya fedha. Hapo wasikilizaji hupiga makofi.

Kumbukumbu za riadha zina maneno mengi zaidi. Mwaka 1976 Tanzania ilisusia michezo ya Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu New Zealand ilikuwa imecheza raga na Afrika Kusini ya makaburu. Nyambui alikuwa na miaka 23. Baadaye akaenda Marekani, Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, na huko akatwaa ubingwa wa vyuo vikuu wa mita 10,000 mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Katikati ya miaka hiyo, tarehe 1 Agosti 1980, ndipo ikaja fainali ya Moscow ya mita 5,000. Miruts Yifter wa Ethiopia alitumia dakika 13 na sekunde 20.91, Nyambui, dakika 13 na sekunde 21.60. Hata sekunde moja haikuwatenga. Mwaka 1981 akaweka rekodi ya dunia ya mbio hizo kwa viwanja vya ndani. Kisha, wakati wengi wa rika lake wamekwisha kutundika viatu, akashinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na tena 1988, akiwa na miaka 34 na 35.

Ndugu msomaji, isome hesabu hiyo polepole. Ni hesabu ya mtu aliyepata kocha, uwanja, shule na mashindano kila msimu, akavitumia kwa nidhamu zaidi ya miaka kumi. Umaskini haukumpa nishani. Kama umaskini ungekuwa unatoa nishani, Mara ingekuwa imejaa dhahabu.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nina deni. Palikuwa na kijana wa darasa la sita, mwepesi kuliko wote niliopata kuwafundisha. Siku moja aliniomba nimsaidie kupata raba. Nikamjibu mbele ya wenzake, "Nyambui alikuwa na raba?" Wakacheka. Wiki hiyo alikimbia kwenye changarawe, kigae cha chupa kikamwingia kisiginoni, kidonda kikatunga usaha. Hakurudi tena uwanjani, wala mimi sikwenda kumwuliza. Sikujua kama Nyambui alikuwa na raba au hakuwa nayo. Nilitumia jina la mtu mkubwa kuficha uvivu wangu.

Sehemu ya pili ya maisha yake, tumeisimulia vibaya zaidi, kwa kuinyamazia. Nyambui alifundisha riadha, akawa Katibu Mkuu wa Riadha Tanzania, na baadaye akaenda kufundisha Brunei. Hapa mhakiki asiogope kusema: aliyekalia ofisi apimwe kwa kazi ya ofisi, si kwa nishani yake ya zamani. Fedha yake na ile ya Filbert Bayi, zote za Moscow, ndizo nishani pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata hadi Paris 2024. Lakini kumtupia lawama mtu mmoja ni kurudia kosa lile lile la kumsifu peke yake. Sisi tuliokuwa na filimbi shingoni vijijini tuliwapeleka watoto wangapi kwake, na wangapi tuliwavunja njiani? Kocha wa taifa hupokea kilichobaki.

Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo mwaka 2025, nilisikia barazani simulizi ikianza upya: kijana wa kijijini, maskini. Nikawaomba waniambie kwanza alifanya mazoezi wapi, na nani, kwa miaka mingapi. Baraza likakaa kimya.

Yule kijana wangu sasa ni mtu mzima, anavua samaki, na bado anachechemea kidogo asubuhi za baridi. Tukikutana hunisalimu, "Shikamoo, mwalimu." Naitika marahaba, na kila mara macho yangu hushuka kwenye kisigino.