Idd ya Mtu Mmoja: Sikukuu katika Kumbukumbu za Sayyida Salme

Ukitaja fasihi ya uhamishoni kutoka Zanzibar, darasa zima litakujibu kwa jina moja: Abdulrazak Gurnah, hasa tangu alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Si vibaya. Lakini miaka 101 kabla ya riwaya yake ya kwanza ya 1987, binti wa Unguja alikwishaandika habari za kukaa ugenini, na wengi wetu tunampita mlangoni bila ya kupiga hodi. Nakusudia Sayyida Salme binti Said, au Emily Ruete kwa jina la Ulaya, na kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka Berlin mwaka 1886. Alikiandika kwa Kijerumani. Mimi nimekisoma kwa Kiingereza. Makala haya yanaangalia sura zake za Ramadhani na za sikukuu mbili, ya Mfunguo Mosi na ya Mfunguo Tatu.

Maisha yake kwa ufupi. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844, mtoto wa Seyyid Said bin Sultan. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1867 akabatizwa, wakaoana, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu, mkubwa wao hajatimiza hata miaka mitatu.

Upo usomaji mwepesi wa sura hizi: kwamba ni maelezo ya mila tu, yameandikwa kuwafurahisha Wazungu. Kweli, yamo mambo wanayoyapenda: mzinga wa magharibi, hina, manukato, nguo mpya, zawadi za Sultani kwa jamaa zake. Lakini hebu tujiulize: nani hueleza Idd? Mtoto wa Malindi anayekwenda kupokea mkono wa Idd hamwelezi mtu kitu, kwa sababu kila anayekutana naye anajua. Anayeeleza ni yule aliyebaki peke yake anayejua. Kila palipo na maelezo marefu, basi, mimi nasoma upweke.

Ushahidi umo katika fani yenyewe. Mwandishi anapofika kwenye mila za mfungo na sikukuu, mara nyingi huacha wakati uliopita akatumia wakati uliopo, na husema "kwetu". Eti "kwetu"! Ameshakaa Ulaya karibu miaka 20, ni Mkristo wa kubatizwa, ana watoto wa Kijerumani, na bado kwao ni kule. Si kusahau wakati huko. Idd inaendelea Unguja. Aliyekosekana ni yeye.

Tuangalie pia anazungumza na nani. Katika utangulizi anasema alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake, waliojua machache tu juu ya asili yake. Hapo maelezo yanageuka kuwa urithi: mama hawezi kuwapeleka wanawe uwanja wa sikukuu, kwa hiyo anawapa uwanja wa maneno. Baadaye aliandika pia barua, zilizochapishwa baada ya kufa kwake, ambamo anamweleza rafiki wa Zanzibar habari za Ujerumani, baridi yake na giza lake. Vitabu viwili, pande mbili: kimoja kinawaeleza Wajerumani Unguja, kingine kinaieleza Unguja Ujerumani. Na mwandishi mwenyewe yuko katikati, kama mkalimani asiyeulizwa hali yake.

Hata hivyo, tusimwonee huruma mpaka tukafumba macho. Salme aliutetea utumwa, sura nzima. Sikukuu anayoililia ilihudumiwa na watumwa, watu waliotolewa Nyasa na Manyema, nao pia wako mbali na kwao. Wao walikumbuka sikukuu gani? Kitabu hakiulizi. La kushangaza zaidi, jibu lilikuwa ndani ya nyumba yake. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa, akaishia Mtoni. Salme anaisimulia habari hiyo kwa ufupi, kisha anapita. Mwanamke huyu alisherehekea Idd zote za utu uzima wake ugenini, na binti yake, bingwa wa kueleza ugeni, hakuuona wa mama. Huu ndio udhaifu mkubwa wa kitabu, na ndio mahali pa kuanzia mjadala wetu semina.

Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani. Kaka yake, Seyyid Barghash, hakumpokea. Alikwenda Mtoni, akakuta nyumba inabomoka. Mwishoni anakiri kwamba Ukristo wake haukutimia wala Ujerumani wake haukukamilika. Alikufa Jena mwaka 1924.

Je, yeye ni wetu? Wenzangu wengine wanasema hapana, lugha aliyoandikia si yetu. Mimi nasema mtu aliyeandika "kwetu" kutoka Berlin akikusudia Mtoni ameshajibu mwenyewe, na kumsoma ni pamoja na kumdai alichokiruka.